Chombo kikikosa amri, kipande juu



Waswahili wana neno: ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Leo nataka tuiname pamoja, tena tuiname hadi chini ya maji, maana jambo ninalotaka kuwaeleza linafanyika huko. Nitazungumzia nyambizi. Sisemi zile manowari za chini ya bahari ambazo mataifa makubwa hutishiana nazo. Nasema nyambizi ndogo, nyingine urefu wa mkono, nyingine mita moja na zaidi, ambazo watu wazima na akili zao timamu huziunda majumbani mwao, wakazizamisha mabwawani siku za Jumapili, kisha wakaziibua kwa rimoti.

Najua mmeanza kucheka. Shangazi yangu aliyeko Tanga alicheka pia. Nilipomweleza kwa simu kwamba huku Uingereza ninakoishi nimeingia katika kundi la watu wa namna hiyo, na kwamba mimi mwenyewe ninayo moja, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwanangu, mvi zote hizo kichwani bado unachezea midoli?" Nikamjibu: "Shangazi, mdoli huu unazama." Akasema: "Basi uache uzame, wewe uje nyumbani."

Sikuona vibaya. Swali la shangazi ni la haki. Mchezo huu una maana gani? Na sisi tunaosafiri kwa daladala na kuvuka maji kwa kivuko unatuhusu nini?

Tuanze na kazi yenyewe, ili tujue tunachokicheka. Mashua ya kuchezea ni rahisi. Mtoto yeyote wa pwani anaweza kuchonga ngalawa ya mti mwepesi, akaitia tanga la mfuko wa plastiki, akaisukuma ikaenda. Mashua ina njia mbili tu: ielee au izame. Nyambizi inataka na ya tatu: ikae ndani ya maji, isipande wala isishuke, kama samaki aliyelala. Hiyo ya tatu ndiyo inayowanyima watu usingizi.

Kanuni yake wengi wetu tuliikariri shuleni. Archimedes, Mgiriki wa Sirakusa aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo, alieleza kwamba kitu kilichotiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando. Kitu kikiwa chepesi kuliko maji hayo kitaelea. Kikiwa kizito kitazama. Kikiwa sawa kitabaki pale kilipo. Kwenye daftari ni sentensi moja. Bwawani ni kazi ya miezi. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja. Chukua chombo cha kilo kumi kilichozama chote. Ukikizidishia gramu tano, yaani maji ya kijiko kimoja cha chai, kitashuka taratibu mpaka kikae matopeni. Ukikipunguzia gramu tano, kitapanda.

Na hata ukiupata usawa huo, haudumu. Chombo kikishuka kidogo, maji huiminya hewa iliyomo ndani yake. Hewa ikiminywa huchukua nafasi ndogo zaidi, na chombo kikichukua nafasi ndogo kinakuwa kizito kuliko maji. Kwa hiyo kilichoanza kushuka hupenda kuendelea kushuka. Ndiyo maana wazoefu hawautafuti usawa kamili. Hukiachia chombo wepesi kidogo sana, ncha ya mnara ikichungulia juu ya maji, halafu hukizamisha kwa mwendo, kwa kuyainamisha mapezi yake ya omo na tezi. Mota ikizimika, chombo hupanda chenyewe. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Wapo wanaoishia hapo. Nyambizi zao ni nyepesi siku zote na huzama kwa mbio tu, kama bata anayepiga mbizi. Lakini wengi hutaka chombo kizame kikiwa kimesimama, kama nyambizi ya kweli, na hapo ndipo inapoingia farumi.

Neno farumi naomba tusimame nalo kidogo, kwa sababu ni letu. Jahazi likisafiri tupu, nahodha hutia mawe au mchanga ndani, chini kabisa, ili chombo kisipinduke kwa upepo. Hiyo ndiyo farumi. Nahodha huyo huenda hajawahi kulisikia jina la Archimedes, lakini anajua kwamba uzito ukiwa chini chombo husimama, na uzito ukiwa juu chombo hulala. Nyambizi nayo ina farumi, ila yake ni maji yenyewe. Ina tangi. Tangi likijazwa maji, chombo huzama; maji yakitolewa, chombo huibuka. Wengine hutumia pistoni inayovuta na kusukuma maji kama bomba la sindano la hospitali. Wengine hutumia pampu ndogo. Wengine hubeba kikopo cha gesi iliyoshindiliwa, nayo huyafukuza maji tangini kwa kishindo, mapovu yakafoka juu kama sufuria inayochemka.

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya nyambizi hizi ni pakavu pote. La hasha. Umbo la nje unaloliona limeachwa na matundu, maji yaingie na kutoka yapendavyo. Kilicho kikavu ni kasha moja la ndani, mara nyingi bomba nene la plastiki angavu lenye vifuniko viwili. Humo ndimo zilimo betri, mota, kipokea mawimbi na tangi la farumi. Vifuniko huzibwa kwa oringi, ule mpira mdogo wa mviringo ambao fundi yeyote wa gari wa Gerezani au wa Grogan anaufahamu. Mhimili wa rafadha hupita katika kizibo chenye grisi. Maji yakipata upenyo wa unywele, kazi ya miezi sita imekwisha.

Kwa hiyo watu hawa hupima. Kabla nyambizi haijaliona bwawa, kasha hutiwa ndani ya beseni likiwa na karatasi nyembamba ya chooni, likalazwa humo usiku kucha. Asubuhi karatasi hutolewa. Ikiwa na doa moja la unyevu, kasha hufunguliwa na kila oringi hukaguliwa upya. Kundini kwetu yuko mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, ambaye hupita kwa kila mgeni na kumwambia maneno yaleyale: oringi ukiitilia shaka, ibadilishe, maana bei yake ni bei ya pipi. Sijawahi kumsikia akisema jambo jingine la maana, wala sidhani kama anahitaji kusema jingine.

Sasa tuje kwenye redio, ambayo ndiyo ndugu yetu sisi tunaozungumza hapa. Kuongoza chombo majini kwa mawimbi ya redio si jambo jipya. Mwaka 1898, katika jumba la Madison Square Garden mjini New York, mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo aliyoiongoza bila waya wowote, na mwaka huohuo alipewa hataza yake. Lakini mashua hukaa juu ya maji. Nyambizi huzama, na maji hayana urafiki na redio.

Hapa pana kichekesho cha maendeleo. Rimoti za kisasa za ndege na magari ya kuchezea hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Ni nzuri sana angani, lakini majini hazifui dafu: chombo kikizama sentimeta chache tu, hakisikii tena. Kwa hiyo wapenzi wa nyambizi hushikilia mitambo ya zamani, yenye eriali ndefu ya kuvuta, ya megahezi 40 hapa Uingereza na megahezi 75 huko Marekani. Ile ambayo wenzao waliitupa, wao huitafuta katika masoko ya mitumba kwa bidii kama watafutao kito. Si kila kilichopitwa na wakati kimepitwa na kazi.

Na hata mitambo hiyo ya zamani hufanya kazi katika maji baridi tu, ya bwawa, ya ziwa, au ya bwawa la kuogelea. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kwa hiyo huyameza mawimbi hayo ndani ya sentimeta chache. Msitarajie kuuona mchezo huu Oyster Bay wala Nyali. Nyambizi za kweli zina taabu hiyohiyo. Ili kuzifikishia amri zikiwa chini ya bahari, majeshi hujenga mitambo mikubwa ajabu ya mawimbi marefu, nayo hupenya mita kadhaa tu. Nahodha wa nyambizi, awe wa meli ya nyuklia au wa chombo cha bwawani, anaishi akijua kwamba saa yoyote amri inaweza isifike.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo nilipokuwa napaendea.

Chombo kisichosikia amri kifanye nini? Hili ndilo swali la kwanza ambalo mtengenezaji wa nyambizi hujiuliza, kabla ya kufikiria rangi wala mapambo. Na jibu lake hulijenga ndani ya chombo chenyewe. Ndani ya kasha huwekwa kifaa kidogo chenye kazi moja: kusikiliza kama mawimbi ya mwenyewe bado yanakuja. Yakikatika kwa sekunde chache, kifaa hakisubiri wala hakiulizi. Hulifukuza maji tangi la farumi, na nyambizi hupanda juu. Betri ikikaribia kwisha, ni vivyo hivyo. Na kama nilivyosema, chombo chenyewe kimeachiwa wepesi kidogo, ili hata kifaa kikifa, maumbile yakipandishe.

Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Mwenzetu mmoja alikuwa akiipitisha nyambizi yake chini ya majani ya bwawa, ghafla akaona haitii. Aligeuza usukani, kimya. Aliongeza mwendo, kimya. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, hakuna aliyejua iko wapi. Tulisimama ukingoni kama watu walio msibani. Baada ya kitambo mapovu yakafoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama, na mnara mwekundu ukachomoza katikati ya bata. Mwenyewe hakupiga makofi. Alivua viatu, akaingia majini, akaichukua. Aliyeiokoa hakuwa yeye aliyekuwa na rimoti mkononi. Aliyeiokoa ni yeye wa miezi minane nyuma, aliyekaa mezani usiku akajiuliza: je, siku nikishindwa?

Mtaniambia hayo ni ya midoli. Haya, tuyatazame ya kweli.

Tarehe 1 Juni mwaka 1939 nyambizi mpya ya jeshi la majini la Uingereza, Thetis, ilitoka kwenda kujaribiwa katika ghuba ya Liverpool. Ndani walikuwamo watu 103, karibu mara mbili ya kawaida yake, kwa sababu mafundi na wageni walikuwamo pia. Ilipotakiwa kuzama, ilikataa. Ilikuwa nyepesi mno. Afisa akaenda omo kuona kama mitutu ya mizinga ya majini ina maji, maana maji hayo ni sehemu ya farumi. Kila mtutu ulikuwa na bomba dogo la kupimia: ukilifungua maji yakatoka, ujue mtutu umejaa. Akalifungua la mtutu wa tano. Hayakutoka maji. Akaamini kwamba mtutu ni mtupu, na mlango wake wa ndani ukafunguliwa. Kumbe tundu la bomba lile lilikuwa limezibwa na rangi iliyopakwa kiwandani, na mlango wa nje wa mtutu ulikuwa wazi baharini. Bahari nzima ikaingia. Watu 99 walikufa, nao wanne tu walitoka. Tezi ya meli ilionekana juu ya maji siku ya pili yake, na waliomo ndani waliendelea kufa kwa kukosa hewa.

Rangi, ndugu zangu. Tone la rangi katika tundu dogo. Baada ya hapo nyambizi za Uingereza ziliwekewa kizuizi kwenye milango hiyo, ili ufunguapo ufunguke kidogo tu kwanza, na kama kuna maji yaonekane kabla hayajaingia yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao waliujenga ukuta kwa roho 99.

Yuko atakayesema: mbona unasifu chombo cha vita? Hilo nalo ni swali la haki, na Afrika Mashariki ina haki kuliko wengi ya kuliuliza. Februari mwaka 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Miongoni mwa abiria wake walikuwamo mamia ya askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, nayo ikazama kwa muda usiozidi dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Ziko familia Kenya, Uganda na Tanzania ambazo babu yao hakurudi, wala kaburi hawana la kulipalilia. Kwa hiyo mimi sioni raha kuunda mfano wa nyambizi ya vita. Wenzangu huunda, hasa ile ya Kijerumani ya aina ya VIIC, ambayo ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 67 na ya plastiki inayouzwa madukani ni sentimeta 93. Sigombani nao, wengine baba zao walizamishwa na meli hizohizo, na kila mtu ana njia yake ya kuishika historia mkononi. Yangu nimeiunda kwa bomba la maji la plastiki. Haina bendera wala mizinga. Ina rangi ya manjano ili nisiipoteze.

Ninachosifu ni elimu iliyomo, na elimu hiyo ndiyo tunayoihitaji.

Tarehe 20 Septemba mwaka 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Siku mbili baadaye waokoaji walimtoa mhandisi wa kivuko akiwa hai, ndani ya chumba kilichobakiwa na hewa. Taifa lililia, na wakubwa wakawajibishwa. Lakini mimi nauliza jambo jingine. Katika wale waliopanda siku ile, ni wangapi waliwahi kukaa darasani wakafundishwa Archimedes? Bila shaka wengi. Na ni wangapi waliwahi kuona kwa macho yao kinachotokea uzito unapopanda juu ya chombo? Tunawafundisha watoto kanuni kama wimbo wa kujibia mtihani. Hatuwapi bakuli la maji.

Basi leo mzazi, au mwalimu, nakupa kazi isiyo na gharama. Chukua chupa ya plastiki ya maji, ya lita moja na nusu. Ijaze maji hadi mdomoni. Chukua kifuniko cha kalamu ya wino. Kama kina tundu juu, lizibe. Kwenye ncha yake ya chini bandika udongo wa mfinyanzi au ubani uliotafunwa, kidogo kidogo, ukijaribu katika bilauri, mpaka kifuniko kielee wima kikichungulia juu ya maji kidogo tu. Kitie ndani ya chupa, mdomo wake ukiwa chini na hewa ikiwa imenaswa ndani. Funga chupa barabara. Sasa minya chupa kwa mikono miwili. Kifuniko kitazama. Legeza mikono. Kitapanda.

Mwulize mtoto: kwa nini? Mwache afikiri, usimwambie upesi. Kama kifuniko ni cha plastiki angavu ataona mwenyewe kwamba unapominya, maji huingia ndani ya kifuniko na hewa hupungua nafasi. Hiyo ndiyo farumi. Hiyo ndiyo nyambizi. Halafu mwambie autoe ule udongo chini na kuubandika juu. Kifuniko kitapinduka papo hapo, kimwage hewa yake, na kuzama moja kwa moja. Mtoto aliyekiona kifuniko kile kikipinduka, siku moja atakapokuwa gatini akaona watu na magunia yakirundikwa sitaha ya juu, hatahitaji tangazo la serikali. Atashuka. Na akiwa yeye ndiye nahodha, ataizima injini.

Hilo ni la kwanza. La pili ni kubwa zaidi, nalo ni lile la amri inapokatika.

Tazameni vyombo vyetu, na sasa sisemi vya majini peke yake. Vingi vimeundwa vikitegemea kwamba mwenye rimoti atakuwapo daima, macho, mzima na mwenye nia njema. Bweni la shule hufungwa kwa kufuli, ufunguo anao mtu mmoja, naye amelala. Usiku wa Machi mwaka 2001 bweni la shule ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, lilichomwa moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 waliteketea. Aliyewasha moto alitenda uovu wake, na sheria ina mahali pake. Lakini mlango je? Mlango ule ulikuwa umeagizwa nini, pale ambapo mwenye ufunguo hayupo? Uliagizwa ubaki umefungwa. Nyambizi ya bwawani, kitu cha mchezo, isingeruhusiwa kuingia majini ikiwa na akili ya namna hiyo.

Msinielewe vibaya, simlaumu mlinzi, wala mwalimu wa zamu. Nasema tumezoea kuuliza swali moja tu: nani alaumiwe? Baada ya kila msiba tunatafuta mtu, tunamtimua, tunatia mwingine na kumpa rimoti ileile. Wale wazee wa bwawani huuliza swali lingine, tena huliuliza kabla: huyu mtu akishindwa, chombo kitaelekea wapi chenyewe, juu au chini? Kivuko kikijaa, kuna kitu gani kitakachokizuia kuondoka hata kama nahodha amelazimishwa? Umeme ukikatika, lifti ya ghorofa yako hujishusha ikafungua mlango, au huwaning'iniza watu gizani? Dereva wa basi akisinzia, kuna nini kati yake na korongo? Haya si maswali ya wahandisi wa Ulaya. Nahodha wa jahazi aliyatatua kwa mawe, zamani, alipoiweka farumi chini na si juu.

Najua tutaambiwa fedha hazitoshi. Kwa mambo mengine ni kweli. Lakini kufungua mlango kwa ndani hakuhitaji mkopo kutoka nje. Kuhesabu watu wanaopanda kivuko kunahitaji mtu mmoja, daftari, na kamba ya kufungia lango hesabu ikitimia. Oringi ni bei ya pipi. Kinachogharimu ni kukaa chini usiku mmoja, bila msiba wowote uliotokea, ukaufikiria msiba ambao bado.

Kwa hiyo kesho ukiingia kazini, uwe na duka, shule, gereji au wizara, chagua kitu kimoja unachokisimamia. Jifanye wewe haupo: umeugua, simu imezima, ufunguo umo mfukoni mwako na mfuko uko mbali. Kisha kitazame kitu hicho kwa makini, ujiulize kinazama au kinapanda. Kama kinazama, kitengeneze wiki hii, kabla hujafanya jambo jingine.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tuonane wiki ijayo wakati kama huu. Kwaherini.